Kupiga Grisi na Kupaka Grisi

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu wazee wakiandika kumbukumbu za kazi huanza na mwaka wa kuzaliwa, kisha ujinga wao wanauficha katikati, mahali ambapo msomaji ameshasinzia. Mimi niliambiwa nipige grisi. Nikapaka. Jumamosi nne mfululizo nilipaka, na juu ya hapo nikachora.

Mimi ni mstaafu. Nilifanya kazi ya utanboi, yaani usaidizi wa dereva wa lori, kwa wiki sita, nikastaafu nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, na sasa nimo kidato cha tatu nikingoja kengele ya chakula kama raia yeyote. Ninyi vijana wa gredi ya kumi mnaocheka huko nyuma, tulieni. Nitawaeleza jinsi kazi ilivyofanywa enzi zetu, yaani Novemba iliyopita.

Kupiga grisi ni kushika bomba la mkono, kulikaza kwenye kidude cha chuma kinachoitwa chuchu (hata mimi nilicheka, na mafundi wazima wenye wajukuu hulitamka neno hilo kama mnavyotamka daftari), halafu kusukuma mpaka grisi mpya iingie ndani na ile ya zamani itoke kandokando. Kupaka grisi ni kuichota kwa kidole na kuisiliba nje, ili anayemulika tochi aone inang'aa. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa chuma ni kama kumpaka mtu uji mdomoni ukatangaza kwamba ameshiba.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu, katika yadi ya kampuni moja ya malori hapa Voi. Jioni iliyotangulia mama alikuwa kwenye simu na mjomba Mwakio, kaka yake mkubwa. Tanboi wa mjomba alikuwa amekwenda kwao kumuuguza baba yake, na likizo ndefu ilikuwa imeanza. Mimi nilikuwa sebuleni nikijifanya nasoma. Upande wa mjomba sikuusikia. Upande wa mama nilisikia neno moja tu, "Ndiyo," halafu akakata simu akaniambia nitafute suruali ya kuchafua.

Msimamizi wa Yadi alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu nyuma ya kila sikio, kana kwamba moja ikiishiwa wino katikati ya jina lako utaponyoka. Alinitazama kuanzia viatu.

"Anajua nini huyu?" akamuuliza mjomba.

"Anajua kusoma."

"Basi asome hii." Akanipa karatasi ya masharti, nikatia sahihi bila kusoma hata mstari. Hapo ndipo nilipoingia rasmi katika utumishi.

Mjomba alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na sita. Nyumba yetu iko karibu na barabara kuu, na kila alipopita, akienda au akirudi, alipiga honi mara mbili kwa ajili ya dada yake. Mama akisikia honi hizo alikuwa anasema, "Amepita," kisha anaendelea na shughuli zake. Hakuwahi kusema zaidi, lakini siku honi zilipochelewa alikuwa anaitia mboga chumvi mara mbili.

Mwaka huo mjomba alikuwa na jambo. Mwalimu wa Madereva pale yadini alikuwa anastaafu (mstaafu wa kweli, si wa aina yangu), na kampuni ilikuwa imemwambia mjomba kwamba Januari kiti hicho ni chake, mradi kitabu cha gari lake kifike Desemba bila doa. Kitabu cha gari ni daftari linamoandikwa kila kilichoharibika na kwa nini. Gari likiharibika kwa uchakavu, si doa. Likiharibika kwa uzembe, ni doa. Mjomba alitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akitaka kitu. Angelala kwake kila siku. Angewafundisha vijana. Katika miaka ishirini na sita, aliniambia, alikuwa amelala kwenye kitanda chake siku za kuhesabika, na godoro lilikuwa bado na umbo la mgongo wa mke wake peke yake.

Tulikuwa tunapakia chumvi pwani na kuipeleka Tororo, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Busia. Kila Jumamosi, gari likiwa popote lilipo, ilikuwa siku ya grisi. Ile ya kwanza mjomba aliniingiza chini ya lori, akalala kando yangu kwenye kipande cha katoni, akanionyesha. Giaboksi hii. Nguvu inatoka hapa, inapita kwenye mhimili mrefu unaozunguka, ndio propela, inafika kwenye difu nyuma, difu inagawia magurudumu. Na kila propela inapokunja kiungo, pana krosi, chuma chenye mikono minne kama msalaba, na kila mkono umekaa ndani ya kikombe chenye sindano nyembamba za chuma. Sindano hizo zinaishi kwa grisi.

"Na gari la chumvi linakula grisi kama mbwa aliyefungwa," akasema. "Maji ya mvua yanapita kwenye magunia, yanadondoka huku. Usipopiga, chumvi inapiga."

Nikamuuliza, kama utani, ikiwa mimi tanboi nitasahau chuchu moja, nani atalaumiwa. Hakucheka. Akasema tanboi hapigi grisi. Dereva ndiye anayepiga grisi, kwa mkono wa tanboi. Ndiyo maana kitabu kina jina moja.

Jumamosi hiyo nilipiga kweli. Bomba lilikuwa gumu, mchanga uliniingia machoni, na chuchu zilikuwa nyingi kuliko za nguruwe jike. Ilinichukua zaidi ya saa moja. Mjomba alikuja na tochi akamulika kila kiungo. Alikuwa anatafuta kitu kimoja: grisi mpya inayochungulia pembeni mwa kikombe. Akiiona anasema "Sawa," anasonga mbele.

Mimi ni mwanafunzi, bwana. Miaka yote nimefundishwa kuangalia msahihishaji anatafuta nini.

Jumamosi ya pili tulikuwa tumeegesha Busia, foleni ya forodha imesimama, na kulikuwa na mechi kwenye simu yangu. Nikachota grisi kwa kidole, nikaweka tone moja pembeni mwa kila kikombe, tone zuri, linalochungulia. Dakika tano. Kidole kikabaki na grisi. Juu ya beringi ya kati, ile inayoishika propela katikati ya safari yake, pana bamba la chasisi lisilozunguka. Nikajifutia pale, na kwa vile mkono wangu haujui kukaa kimya nikachora sura: macho mawili, mdomo unaotabasamu. Mjomba alikuja na tochi. "Ulipiga?" "Nilipiga, mjomba." Akamulika vikombe. "Sawa." Bamba lile liko juu, hakulimulika.

Jumamosi ya tatu nikachora sura ya pili, yenye masharubu. Ya nne, yenye kofia. Ya tano nikachora yenye kalamu nyuma ya kila sikio, na niliona nimefikia kilele cha sanaa yangu. Kila mara mjomba aliuliza swali lilelile, nami nilijibu jibu lilelile, na nawaambia kitu ambacho hakuna mwalimu atawaambia: uongo wa mara ya nne hauna ladha yoyote. Unautema tu kama mate.

Jumanne iliyofuata tulishusha nusu ya chumvi Tororo mjini. Nusu iliyobaki ilikuwa ya wachuuzi wa Nagongera, waliotaka ifike kabla ya siku ya soko. Tulitoka mjini kesho yake asubuhi. Gari lilianza kutetemeka tulipokuwa tunakaribia Rubongi, mtetemeko mdogo chini ya kiti. Mjomba alinyamazisha redio. Akainua kichwa kama mtu anayesikia jina lake likitajwa nyumba ya pili.

"Krosi," akasema. "Lakini haiwezekani."

Akaanza kulipunguza mwendo. Kikasikika kishindo kimoja, kikubwa, kama mtu amepigwa shoka chini ya miguu yetu, halafu chuma kikawa kinapiga chuma. Krosi ilikuwa imekatika, na propela, ncha yake moja ikiwa huru, ilikuwa inajizungusha huku ikibomoa kila kilichokuwa karibu nayo. Ilikata mpira wa hewa ya breki. Mbele yetu kulikuwa na akina mama wawili wenye vikapu vya mihogo. Hewa ya breki ikiisha, magurudumu ya lori hujifunga yenyewe, na lori lenye chumvi likijifunga linateleza linakotaka. Mjomba aliushika usukani kwa mikono na kifua, akalipeleka kwenye nyasi, akina mama wakaruka mtaroni, vikapu vikabaki barabarani vikiwa vizima. Tulisimama. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wake wa shati, na sikumbuki niliushika saa ngapi.

Tulikuwa tumefia karibu na lango la kambi ya jeshi. Askari akaja akasema pale haparuhusiwi kuegesha. Mjomba akamwambia kwa heshima kwamba hatujaegesha, afande, tumefariki. Yule askari akachungulia chini ya lori, akaona propela imechoma udongo kama mkuki, akatuletea maji ya kunywa.

Fundi wa karibu aliitwa Ochwo, ana kibanda cha mabati kati ya duka la sukari na kinyozi. Alikuja kwa bodaboda, ameketi kinyume, kijiko cha chai bado kimo mfukoni. Akaingia chini. Tulimwona miguu tu kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kikombe cha krosi, akakiinamisha juu ya kiganja cha mjomba. Ukatoka unga mwekundu. Sindano zote zilikuwa zimesagika kuwa unga mwekundu, mkavu.

"Mzee, hii krosi haijakula," akasema Ochwo. "Angalia hapa nje, grisi iko, safi kabisa. Ndani, hapana. Hii nakuwa bibi arusi: wamepaka yeye mafuta, anang'aa, lakini tumbo yake iko na njaa tangu mwezi jana."

Mjomba aliutazama ule unga. Halafu akanitazama mimi.

"Ulipiga?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Kila mtu hupewa mahali pake pa kusemea, na mimi nilipewa pangu penye jua, saa nne asubuhi, mbele ya mtu mmoja na fundi mmoja ambaye hata jina langu hakulijua.

"Nilipiga, mjomba."

"Basi ni chumvi," akasema. Akakunja kiganja, akaubakiza ule unga ndani.

Masharti ya kampuni, yale niliyotia sahihi bila kusoma, yalisema gari likivunjika kuanzia giaboksi kwenda nyuma, lisitengenezwe mpaka Mkaguzi wa Magari afike alitazame. Mkaguzi alikuwa Kenya, akishughulikia lori jingine lililopinduka. Tulimngoja siku sita.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hizo zilikuwa mbaya. Zilikuwa nzuri, na huo ndio ubaya wake. Wachuuzi wa Nagongera walikuja na magari madogo wakachukua chumvi yao wakitulaani kwa adabu. Tulibaki na lori tupu na kazi hakuna. Tulikula kwa mama mmoja aliyekuwa akipika atapa, ugali mzito mweusi wa wimbi na muhogo, na mboga ya kunde iliyopondwa na simsim, yaani ufuta, na mjomba akaniambia nisitafune atapa, nimeze, maana Mteso, mwenye chakula hicho, akikuona unatafuna anakuhurumia. Na kila asubuhi, baada ya chai, mjomba alikuwa ananifundisha. Alikuwa anafanya mazoezi ya Januari. Alikuwa ameandika masomo yake nyuma ya karatasi za mizigo, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, na alitaka kuyasikia mdomoni kabla hajasimama mbele ya madereva.

Somo la kwanza lilikuwa na kichwa kimoja: GRISI.

Alisimama mbele yangu kwenye nyasi, ameshika kipande cha krosi iliyovunjika badala ya chaki. Mimi nilikaa juu ya gurudumu la akiba, darasa zima. Watoto wa Rubongi walikuja wakakaa pia, na Ochwo alipokosa wateja. Mjomba aliuliza maswali, na tulipojibu vizuri alisema "Sawa" kwa sauti ileile ya tochi. Alikuwa mwalimu mzuri. Naweza kulisema hilo kwa mamlaka, nimewachosha walimu wengi. Siku ya tatu aliuliza kwa nini krosi yetu ilikatika, akajijibu mwenyewe kwamba ni chumvi, na kwamba somo hapo ni kwamba hata ukipiga grisi vizuri, bahari inaweza kukufuata mpaka Uganda. Watoto wakacheka. Ochwo hakucheka. Alinitazama huku anakoroga chai kwa kijiko chake kile, akakoroga muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Siku ya tano nilimfuata kibandani kwake nikataka kuuliza jinsi ya kulisema. Nikaishia kuuliza bei ya plagi. Akaniambia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye pikipiki aliyokuwa akiitengeneza, "Kijana, mimi sina kitu na wewe. Lakini ile mzee anapenda wewe. Wewe nakwenda kusema lini?" Nikamwambia kesho. Kesho ilipofika ndiyo siku aliyokuja Mkaguzi.

Mkaguzi wa Magari alikuwa mtu mrefu mwenye ovaroli nyeupe, na mtu anayekagua malori kwa ovaroli nyeupe anakuambia mapema kwamba uchafu wote utakuwa wako. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia mjomba kwa shikamoo, akauliza hali ya nyumbani, akasema amesikia habari za Januari na amefurahi. Kisha akavaa glavu akaingia chini na taa.

Yeye hakufundishwa mahali pa kumulika. Akamulika kila mahali.

Tukasikia akisema, "Mzee Mwakio, hebu njoo."

Mjomba akaingia. Mimi nikachuchumaa kando ya gurudumu, nikaona walichokuwa wanakitazama. Juu ya beringi ya kati, kwenye bamba, sura zangu nne zilikuwa zimejipanga mstari, vumbi limezishika vizuri kama picha za ukutani. Ya kwanza inatabasamu. Ya pili ina masharubu. Ya tatu ina kofia. Ya nne ina kalamu nyuma ya kila sikio.

"Hizi ni nini?" akauliza Mkaguzi.

"Ni sura."

"Naona ni sura. Zimechorwa kwa grisi. Kwa kidole. Grisi ambayo kwenye krosi haimo. Nani amechora?"

Mjomba alizitazama moja baada ya nyingine. Niliona midomo yake ikihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Jumamosi nne. Kisha akageuza shingo, pale alipolala, akaniona nimechuchumaa. Hakuniuliza kama nilipiga. Alinipa muda. Nasema kweli, alinipa muda mrefu, taa ya Mkaguzi ikiwa inamulika ile sura yenye kalamu, na mimi nilikuwa na mdomo, huu mdomo wangu ambao darasani haujawahi kukosa la kusema.

"Mimi," akasema mjomba.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe, Mzee Mwakio, ulilala chini ya gari ukachora sura yenye kofia?"

"Nilikuwa najichezea tu. Unajua foleni ya forodha ilivyo."

Mkaguzi alianza kucheka. Alicheka mpaka taa ikatikisika na zile sura zikawa zinacheza kwenye bamba. Mjomba, mtu wa miaka hamsini na nane, na mvi kwenye nyusi, ati anachora sura chini ya lori. Halafu kicheko kikamwisha, akaona kwamba kile alichoambiwa ni lazima akiandike. Akatoka chini, akafungua kitabu cha gari juu ya boneti. Akamuuliza mara moja zaidi, polepole, huku ananitazama mimi, kama kuna jina jingine angependa liandikwe. Mjomba akasema kitabu kina jina moja.

Akaandika kwamba dereva hakupiga grisi kwa muda wa mwezi mmoja, alipaka nje ili kudanganya, na alifanya mzaha kazini. Mjomba akatia sahihi. Mkono wake ulikuwa bado una ule wekundu wa unga kwenye mistari ya kiganja.

Ochwo alifunga krosi mpya na mpira mpya wa hewa kabla ya saa nane. Alipomaliza, nilichukua bomba la grisi kutoka kwenye sanduku, nikaingia chini nikaanza kulikaza kwenye chuchu ya kwanza. Mjomba aliingia, akalitoa mkononi mwangu taratibu, jinsi unavyomtoa mtoto mdogo kisu, akaanza kupiga mwenyewe. Alipiga chuchu zote. Mimi nilishika tochi. Alipofika kwenye beringi ya kati alichukua kitambaa, akafuta zile sura. Ile ya mwisho aliitazama kidogo.

"Msimamizi wa Yadi," akasema. "Umempatia."

Kutoka Rubongi mpaka Busia, na Busia mpaka Voi, alizungumza nami kama kawaida: niletee maji, angalia kioo, funga turubai. Kitu kimoja hakukifanya tena. Hakuniuliza tena kama nimefanya. Nikifunga turubai, alikuwa anashuka mwenyewe, anaivuta kamba, anapanda.

Nilistaafu siku tuliyofika yadini. Hakukuwa na hafla.

Sasa tafakuri za uzeeni. Kiti cha Mwalimu wa Madereva alipewa mtu mwingine, mwenye kitabu safi. Nasikia huwasomea madereva maneno kwenye simu yake. Mjomba hakufukuzwa. Alipewa lori la zamani kuliko yote na njia ileile, chumvi, Busia, Tororo, mpaka atakapostaafu. Pale yadini wanamwita Mchoraji. Mtu fulani alichora sura yenye kofia kwenye mlango wa lori lake kwa rangi nyeupe, na yeye hajaifuta. Wengine wanadhani ni ucheshi wake. Msimamizi wa Yadi, ambaye hajui alivyochorwa, ndiye anayecheka kuliko wote.

Nilisema nitawafundisha kazi, basi hiki hapa ndicho kiinua mgongo changu nilichorudi nacho: hakuna aliyenikamata. Nimeshamaliza muhula mzima bila adhabu. Nimechekesha darasa, nimeiga sauti za walimu wote, na nikisikia mtu anasema "Sawa" kwa sauti fulani nageuka kutafuta nani ameshika tochi.

Likizo ya Aprili mama alikuwa uani anachambua mchicha. Lori likapita barabarani, mlio wake naujua, giaboksi ya zamani inayolia kwenye gia ya tatu. Mama akainua kichwa akangoja. Lori likapita mpaka sauti ikaisha.

"Kaka yangu siku hizi hapigi honi," akasema. "Kwa nini?"

Nikamwambia lori ni kuukuu, huenda honi imestaafu. Hakucheka. Nikamwambia utani mwingine, sikumbuki upi. Aliendelea kunitazama huku vidole vinachambua bila yeye kuangalia, na mimi nikaanza kusema. Nilianzia Busia, nikasema yote, mechi, kidole, sura zote nne na mavazi yao, unga mwekundu, Ochwo, muda niliopewa chini ya lori. Nilipomaliza, mchicha ulikuwa umekwisha kuchambuliwa na vidole vyake vilikuwa bado vinatembea juu ya ungo mtupu.

Nilingoja kofi. Nilingoja sala. Mama aliinuka, akajikung'uta majani kwenye leso, akaenda mpaka mlangoni, kisha akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Jioni ile kwenye simu aliniuliza neno moja tu," akasema. "Huyu mtoto akisema amefanya, huwa amefanya? Nami nikamwambia ndiyo."